Kalenda Mbili, Miadi Moja



Zamani daftari la nyumba lilikuwa moja. Humo iliandikwa siku ya kumpeleka mama hospitali, tarehe ya kulipa ada ya shule, na nambari za jamaa walio mbali. Leo daftari hilo limegawanyika. Sehemu imo katika kompyuta ya mezani, ndani ya programu kama Outlook au Thunderbird. Na sehemu imo katika intaneti, ndani ya huduma kama Google Calendar, aionayo kijana katika simu yake. Baba huandika huku, mtoto husoma kule, na siku ya miadi hupita hali kila mmoja adhani mwenziwe anajua. Kwa sababu hiyo twapenda kueleza mwezi huu namna ya kuzilandanisha kalenda hizi, pamoja na hadhari zipasazo.

Kwanza tufahamu jinsi zinavyosemezana. Iko lugha ya kuandikia miadi iitwayo iCalendar, iliyotangazwa mwaka 1998. Mwaka 2007 ikatangazwa kanuni ya CalDAV, iwezeshayo programu kusoma na kuandika katika kalenda iliyo mbali. Na mwaka 2011 ikafuata CardDAV, ifanyayo kazi hiyo hiyo kwa majina na nambari za simu. Kwa kanuni hizi Thunderbird, ambayo hutolewa bila ya malipo, yaweza kuunganishwa na miadi na majina yaliyomo katika akaunti ya Google. Ukiandika huku, huonekana kule. Ukibadili kule, hubadilika huku.

Lakini si kila kiungo huenda pande mbili. Kalenda ya Google ina anwani yake ya siri. Ukiitia anwani hiyo katika Outlook utaiona miadi yote, wala hutaweza kuibadili. Hicho ni kiungo cha kutazama tu. Na siri hiyo ni siri kweli: kila aipataye anwani aweza kusoma shughuli zako. Ikivuja, ingia katika mipangilio ya kalenda, uibatilishe, upate nyingine.

Sasa tuje kwenye hatari. Watu wengi hudhani kulandanisha ni kuweka akiba. Sivyo hata kidogo. Akiba hubaki palepale ulipoiweka, ijapokuwa asili yake imepotea. Kulandanisha ni kama kioo: kinachoondoka upande mmoja huondoka na upande wa pili. Kijana akifuta majina mia ili simu ipate nafasi, na akaunti ikawa ni moja na ya babake, majina hayo yatatoweka katika kompyuta pia, na huenda humo zilikuwamo nambari ambazo hakuna mwingine nyumbani azijuaye.

Basi kabla ya kuunganisha chochote, yafaa kufuata mambo manne. La kwanza, toa nakala: miadi katika faili ya .ics, na majina katika faili ya .vcf, uziweke mahali pasipounganishwa na intaneti. La pili, safisha majina yaliyojirudia, kwani ukiunganisha vitabu viwili vichafu utapata kimoja kichafu zaidi. La tatu, chagua njia moja tu. Programu mbili zikilandanisha kalenda ile ile, miadi moja yaweza kugeuka mitatu. La nne, jaribu kwa miadi mmoja: uandike katika kompyuta, uutazame katika simu, uubadili saa, kisha uufute. Ukiona kila hatua imefika pande zote mbili, endelea.

Na ikitokea kosa usikawie. Google huweka miadi iliyofutwa katika pipa la taka kwa muda wa siku 30 hivi, na orodha ya majina yaweza kurudishwa ilivyokuwa ndani ya siku 30 zilizopita. Muda huo ukipita, tegemeo lako ni nakala uliyoitoa mwenyewe.

Jambo jingine ni saa. Kompyuta haizijui saa zetu za Kiswahili. Saa mbili ya asubuhi huandikwa 8:00. Ukiandika 2:00, kengele italia saa nane ya usiku, na asubuhi utamkosa daktari. Tena, jamaa aliye Maskati ametutangulia kwa saa moja, na London hubadili saa zake mara mbili kila mwaka. Kwa hiyo hakikisha kompyuta na simu zimewekwa majira ya mahali mlipo. Kadhalika, tarehe za Idd zinazokuja tayari katika kalenda hizo ni za kukadiria kwa hesabu. Zisikuzuie kungojea khabari ya mwandamo.

Wala tusitegemee kwamba daraja la leo litakuwapo kesho. Mwaka 2008 Google ilitoa programu ndogo ya kuunganisha Outlook na kalenda yake. Tarehe 1 Agosti 2014 ikaacha kufanya kazi. Mwenye daraja aweza kulivunja, wala haulizi ruhusa kwa wapitao juu yake.

Mwisho, vijana wetu wakumbuke kwamba nambari zilizomo katika kitabu si mali yao peke yao. Ni amana za watu waliotupa kwa kutuamini. Kila programu iombayo ruhusa ya kuyasoma majina yaomba kufunguliwa amana hiyo. Basi uliza yaitakia nini, na ile usiyoitumia tena uiondolee ruhusa. Ukae na mwanao jioni moja, mtoe nakala ya miadi na majina, ndipo muunganishe. Kazi hiyo haimalizi saa moja, na faida yake ni ya nyumba nzima.