Tuende Kapolowe Kwanza



Kila tukisoma jografia, wamoja wanasema: kama tungekuwa na feza, tungeenda kuona bahari. Ni vema. Inchi yetu iko na pwani ya kilometa kama 40 tu, na kule Muanda iko parke ya mikoko tangu mwaka 1992, kobe wa bahari wanalindwa mule. Lakini toka Kikula mpaka Muanda ni zaidi ya kilometa 1,500. Nani atalipa?

Sisi wa mwaka wa sita tunasema: ukingo wa maji uko karibu. Ni ziwa Tshangalele, lililotokea wakati mto Lufira ulifungwa kule Mwadingusha kwa kupata umeme. Samaki wake tunakula, lakini wengi wetu hatujaona mawimbi yake, wala matete na ndege wake, hata siku moja!

Tena kuna neno lingine, si la furaha. Mto Panda unapita mjini kwetu. Miaka mingi umebeba uchafu wa viwanda vya shaba, na takataka zetu pia, kuzipeleka Lufira, mpaka ziwani. Kumbe tunachotupa huku, wavuvi wanakikuta kule, na sisi tunakinunua tena sokoni pamoja na samaki.

Basi, feza ya karamu ya mwisho wa mwaka ilipe kamioni ya kwenda Kapolowe. Wamoja watanung'unika juu ya soda na muziki, tunawajua. Tunaomba Bwana Prefe atupe siku moja ya posho. Na wazazi wanaoogopa maji, tunawaahidi: hakuna mtu atapanda mtumbwi.