Mgonjwa wa kiharusi asiachwe peke yake siku tatu za mwanzo

Wengi wetu huamini kwamba kiharusi kikishapiga kimemaliza kazi yake: mkono umelegea, mdomo umepinda, lililobaki ni kuuguza tu. Sivyo. Wako wanaofika hospitalini wakizungumza, na kesho yake wakiitwa hawaitiki. Saa 72 za mwanzo ndizo madaktari wanazozichunga zaidi. Na maradhi haya si ya nadra kwetu. Utafiti uliofanyika Hai na Dar es Salaam kati ya 2003 na 2006 ulikuta wagonjwa wapya wapatao 108 na 316 kwa mwaka katika kila watu 100,000.

Donge lililoziba mshipa laweza kukua. Mshipa uliopasuka huweza kuendelea kuvuja, hasa saa za awali. Ubongo ulioumia nao huvimba siku zinazofuata. Nani atazidiwa, hakuna daktari awezaye kusema kwa yakini, ila wanaotiliwa shaka zaidi wanajulikana: aliyeingia na hali nzito, mwenye sukari iliyopanda, mwenye homa, na yule ambaye udhaifu wake huja na kuondoka. Huyu wa mwisho ndiye anayetuhadaa. Akinyanyua mkono asubuhi, ndugu husema baba amepona, na safari ya kurudi kijijini huanza.

Hospitalini kiko kipimo cha alama, kuanzia 0 hadi 42. Zikiongezeka hata 2 tu, mgonjwa hutazamwa upya. Anayekesha wodini, iwe Rubya wilayani Muleba au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa pale Bukoba, hahitaji kuhesabu alama. Amwulize mgonjwa jina lake, amwambie anyanyue mikono yote miwili, kisha alinganishe na hali ya saa moja iliyopita. Zamu zikibadilishana, anayeondoka amweleze anayeingia alichokiona. Usingizi usio wa kawaida, kutapika, kichwa kuuma sana au maneno kuvurugika, muuguzi aitwe papo hapo, hata usiku wa manane. Haya zetu za kuogopa kumsumbua muuguzi hazina nafasi hapa.

Liko pia suala la kombe. Kumsomea mgonjwa Qur'ani kitandani hakuna anayekukataza. Lakini kombe hunywewa, na kiharusi hulegeza koo. Kinachokusudiwa tumboni huingia mapafuni, na nimonia hufuata. Uji na maji ni hivyo hivyo, mpaka mhudumu apime kama anameza vyema. Aspirini nayo isitolewe nyumbani, kwani bila picha ya ubongo haijulikani kama mshipa umeziba au umepasuka. Wala vidonge vya presha visiongezwe kwa haraka ili kuishusha.

Kabla ya kupanda gari, andikeni saa ambayo mgonjwa alionekana mzima kwa mara ya mwisho, kama ni baada ya swala ya Isha au alipotoka kwenye migomba. Daktari ataiuliza mapema.