Tusilipe kodi mara mbili Tunduma na Nakonde

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nami nitoe maoni yangu machache kuhusu kodi kwa wafanyabiashara wa Tunduma wanaofungua maduka na maghala upande wa Zambia. Mimi ni mfanyabiashara wa mchele hapa mpakani, na jambo hili linatugusa wengi.

Tangu Oktoba 2019, Rais Magufuli na Rais Lungu walipofungua rasmi kituo cha huduma za pamoja mpakani, maofisa wa nchi zote mbili hufanya kazi mahali pamoja. Tunashukuru. Lakini ushuru wa forodha ni jambo moja, na kodi ya mapato ni jambo jingine. Wenzangu wengi hudhani kwamba mtu akishalipia mzigo mpakani, amemaliza. Sivyo.

Ukiuza mzigo wako hapa Tunduma na mnunuzi akauvusha mwenyewe, faida yako hutozwa kodi hapa. Ukifungua duka Nakonde, Zambia ina haki ya kutoza kodi faida ya duka hilo. Wakati huo huo, Sheria yetu ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inamtaka mkazi wa Tanzania aeleze mapato yake yote, ya ndani na ya nje. Hapo ndipo wengine hukata tamaa, wakaficha duka la ng'ambo au wakapitisha mali njia za panya.

Ndugu zangu, hakuna haja ya kujificha. Tanzania na Zambia zina mkataba wa kuepuka kutoza kodi mara mbili tangu mwaka 1968, enzi za Mwalimu Nyerere na Rais Kaunda, mwaka ule ule lilipokamilika bomba la mafuta la TAZAMA. Nayo sheria ya 2004 inaruhusu kodi ya mapato iliyolipwa nje ipunguzwe katika kodi inayodaiwa hapa, mradi isizidi kodi ya Tanzania kwa mapato hayo.

Tuseme kampuni ya Tunduma imepata faida ya shilingi milioni 10 katika tawi lake la Nakonde. Kiwango cha kawaida cha kodi ya makampuni ni asilimia 30 katika nchi zote mbili. Ikilipa milioni 3 Zambia na kuleta uthibitisho, hapa haidaiwi tena kwa faida hiyo. Ikikosa uthibitisho, inaweza kudaiwa milioni 3 nyingine.

Kwa hiyo tutenganishe daftari la Tunduma na la Nakonde, tutunze kila stakabadhi, na tumwone mhasibu kabla ya kufungua duka, si baada ya kudaiwa. Mali bila daftari huisha bila habari.

Naiomba Mamlaka ya Mapato, ikishirikiana na wenzao wa Zambia, ieleze mkataba huo kwa Kiswahili chepesi, maelezo yabandikwe pale kituoni, na awepo ofisa wa kujibu maswali ya kodi ya mapato. Mfanyabiashara mdogo hana wakili wa kumsomea mikataba. Akielewa haki yake, atalipa kwa hiari, na Serikali zote mbili zitapata chao.

Mfanyabiashara,
Tunduma, Songwe.