Jina la dawa liandikwe kwenye kadi
Mzazi wa Iramba au Manyoni akiambiwa mtoto ana "aleji ya dawa", aulize: dawa ipi? Jina liandikwe kwenye kadi ya kliniki, pamoja na tarehe na kilichotokea. Bila jina hilo, duka la dawa laweza kumpa mtoto amoksilini, ampisilini au Ampiclox; zote ni ukoo wa penisilini, na aliyedhurika na moja anaweza kudhurika na nyingine. Midomo ikivimba au pumzi ikibana, mtoto akimbizwe kituo cha afya papo hapo, achomwe adrenalini. Vipele peke yake mara nyingi huletwa na virusi, si dawa. Naumia mtoto anapopigwa marufuku penisilini maisha yote kwa kubahatisha, kisha nimonia ije na dawa hiyo isiweze kutumika. Daktari ndiye aamue kama kweli ni aleji, si muuza duka.