Mpokeeni na Aliyemleta



Mjamzito aliyepatwa na kifafa cha mimba zahanatini huchomwa magnesiamu salfeti kabla ya kupakiwa garini: gramu 4 kwenye mshipa, polepole, na gramu 10 kwenye msuli, zikigawanywa matako yote mawili. Baada ya hapo dozi inayofuata hungoja hadi zipite saa nne. Nesi wa hospitali ya wilaya anayempokea mama huyo lazima ajue amechomwa saa ngapi na kiasi gani. Akirudia dozi kwa kutojua, mama anaweza kushindwa kupumua. Mwenye jibu, aliyemleta kwa ambulensi, kasimama palepale na barua ya rufaa mkononi, mgongo unamuuma kwa kushikilia drip njia nzima. Mara ngapi tumesikia akiambiwa, "Weka hapo mezani, subiri nje"?

Dharau hii haiko upande mmoja. Wa ambulensi nao humsema nesi wa zamu kuwa ana maringo, wakati yuko peke yake na wodi nzima usiku kucha. Wanamshusha mgonjwa mlangoni, wanadai machela yao hapohapo, kitanda hakijapatikana. Mzozo unaendelea juu ya kichwa cha mgonjwa.

Chanzo kimoja nakijua. Idara ya tiba ya dharura ya Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, ya kwanza nchini, ilifunguliwa 2010. Manesi wengi wenye uzoefu walisoma kabla ya hapo, enzi ambazo gari la wagonjwa lilikuwa gari tu, na aliyeliendesha alikuwa dereva tu. Kazi imebadilika, mazoea yamebaki. Leo ukipiga 115 bure, mfumo wa m-mama unaweza kumpeleka mjamzito kwa ambulensi au, ikikosekana, kwa gari la dereva wa mtaani aliyesajiliwa. Dereva huyo hana sare wala cheti cha uuguzi. Lakini ndiye aliyeona mama alianza kulegea wapi, na damu ilivyolowesha kiti. Aulizwe!

Sasa sisi. Kamati za vituo vya afya zina wajumbe tuliowachagua wenyewe, na aghalabu tunawatuma wakadai rangi ya kuta na tangi la maji. Safari hii tuwatume wadai fomu ya makabidhiano: muda wa kuondoka, presha, dawa iliyotolewa na saa yake, sahihi za pande zote mbili, nakala moja ibaki na aliyemleta. Na isomwe kwa sauti mbele ya mgonjwa, maana karatasi peke yake huishia chini ya faili. Wadai pia machela ya akiba mapokezi. Ugomvi mwingi ninaoujua ungeishia hapo. Wakumbushe vilevile kwamba mafunzo ya kazini yanayowaita manesi bila watu wa ambulensi ni nusu mafunzo.

Ndugu wa mgonjwa, tunapofika mlangoni tumteue mmoja wetu aongee, wengine tunyamaze hadi makabidhiano yaishe. Kelele zetu ndizo humfanya nesi asisikie saa ya sindano.

Mjumbe wako wa kamati unamfahamu, huenda ni jirani. Kabla ya kikao kijacho mpitie umuulize: hapa kwetu mgonjwa anakabidhiwaje, na nani anaweka sahihi?