Udongo Hausafishwi kwa Fagio

Imejengeka dhana katika ofisi nyingi kwamba udongo uliochafuliwa kwa kemikali ni tatizo la bandari na viwanda vya Dar es Salaam na Tanga, na kwamba wilaya za wakulima na wafugaji, kama Karatu na Ngorongoro, hazihusiki. Dhana hiyo ni ya hatari. Ushahidi wa kuikanusha haukutoka kiwandani, ulitoka shambani.

Mwaka 1986 shamba la serikali la Vikuge, mkoani Pwani, lilipokea tani 170 za viuatilifu kutoka Ugiriki, baadhi vikiwa vimekwisha muda wake. Huo uliitwa msaada! Ghala likaanguka, na sumu ikaingia ardhini. Baadaye masalia yaliyoonekana kwa macho yakaondolewa. Lakini uchunguzi uliochapishwa mwaka 2004 ulikuta masalia ya DDT hadi kina cha sentimeta 50, na katika udongo wa juu yalifikia hadi asilimia 28. Yaani zaidi ya robo ya kilichoitwa udongo kilikuwa sumu. Maji ya kisima nayo hayakusalimika.

Sasa itazamwe Karatu. Huko Mang'ola vitunguu hustawi kwa maji ya chemchemi, na miteremko ya Ngorongoro ndiyo hulisha mito na chemchemi za ukanda huo. Bonde la Eyasi halina mlango wa kutokea: ziwa hupokea, halitoi. Kinachooshwa mashambani hakina bahari ya kukimbilia. Utafiti wa mwaka 2007 kuhusu wakulima wadogo wa mboga wa Kaskazini ulionyesha kuwa asilimia 68 yao waliwahi kujisikia wagonjwa baada ya kunyunyiza dawa. Ikiwa mwili wa mtu unalalamika, udongo usio na kinywa utamlalamikia nani?

Watakuwapo watakaojibu kwamba dawa nyingi za siku hizi huoza upesi kuliko DDT. Ni kweli. Lakini mrututu, ambao wakulima wa kahawa wameuzoea kwa miaka mingi, una shaba, na shaba haiozi. Hulimbikizana msimu hadi msimu. Oldeani ni nchi ya kahawa tangu enzi za walowezi. Kila shamba kubwa la namna hiyo huwa na ghala la dawa na mahali pa kuchanganyia. Je, orodha ya mahali hapo iko katika faili la nani?

Kisingizio cha kukosa sheria hakipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inamtaka mchafuzi alipe gharama, inaruhusu kutolewa amri ya kurejesha mazingira katika hali yake, inaitaka kila halmashauri iwe na afisa wa mazingira, na inashusha kamati hadi kijijini. Kanuni za mwaka 2007 zikaweka viwango vya ubora wa udongo. Wala umbali si hoja: Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu ina makao yake Arusha, na kutoka Karatu hadi huko ni barabara ya lami.

Tatizo ni watendaji wanaotosheka na kuona uwanja umefagiwa. Makopo yakikusanywa na picha ikipigwa, taarifa huandikwa kuwa eneo limesafishwa, bila koleo moja la udongo kupelekwa maabara. Taarifa ya aina hiyo ni uongo uliopigwa mhuri, na afisa anayeipokea bila kudai majibu ya kipimo anashiriki uongo huo.

Mwalimu mkuu anayekabidhiwa kiwanja cha ghala la zamani ili kiwe shamba la shule ana haki ya kudai majibu hayo kwa maandishi. Mpaka yapatikane, majembe yakae stoo na watoto wakae darasani.