Mbwa Mdogo Mbele ya Daktari
Uchunguzi wa kila mwaka wa mbwa mdogo huanzia kwenye mizani, na hapo ndipo wafugaji wengi huduwaa: nusu kilo iliyoongezeka kwa mbwa wa kilo 4 ni moja ya nane ya uzito wake, sawa na mtu wa kilo 72 kunenepa kwa kilo 9. Kipimajoto hufuata, nyuzi 38 na nusu, ambazo kwa binadamu ni homa, kwa mbwa ni uzima. Kinywa ndicho kinachostahili muda mrefu zaidi. Mbwa wa kilo 3 ana meno 42, idadi ileile ya mbwa mkubwa wa polisi, ila yake yamebanana katika taya fupi. Mabaki ya chakula hukwama, ukoga hugeuka jiwe, fizi huvimba na meno hulegea. Harufu mbaya, ambayo wengi huiona ni kawaida ya mbwa, mara nyingi ni dalili ya ugonjwa huo wa fizi, na kuyasafisha meno ipasavyo huhitaji nusu kaputi. Daktari wa mifugo husikiliza pia moyo, kwa kuwa vali za mbwa wadogo huchakaa uzeeni, kisha hukunja magoti ya mbwa kuona kama pia ya goti inahama. Palipo na kupe, masikio na nafasi kati ya vidole hupekuliwa, na damu hupimwa kutafuta magonjwa ya kupe mbwa akizubaa au fizi zikipauka. Hubaki chanjo ya kichaa cha mbwa, hata kwa yule asiyetoka nje ya geti: mbwa koko hupenya chini yake.